Miezi 18 Iliyogeuka Miaka: Nani Alilitunza Tumaini Wakati wa Uhaba?

Bei zinapopanda, mvua zinapochelewa au ajira zinapoadimika, hazipiti siku nyingi kabla ya kusikika wito wa kuwataka watu wavumilie na wasikate tamaa. Wito huo hutoka mimbarini, redioni, kwenye mikutano ya hadhara na, siku hizi, katika kumbi za wahamasishaji wanaolipwa kwa kazi hiyo. Sina ugomvi na wito wenyewe, kwa kuwa mtu aliyekwisha kukata tamaa hafanyi lolote. Ninachokitilia shaka ni upungufu wake, maana haumwelezi mtu ashike nini wakati anapovumilia, wala hausemi nani atawajibika endapo neema iliyoahidiwa itachelewa. Tanzania imewahi kulipitia jambo hili kwa kina katika miaka ya 1979 hadi 1986, na waliokuwa na umri wa kupanga foleni wakati huo wengi wao bado wapo. Kipindi hicho kilikuwa na matumaini ya namna mbili: lililotangazwa na Serikali na lililotengenezwa na watu wenyewe, mara nyingi kwa siri na wakati mwingine kinyume cha sheria. Kwa kuwa tunajua yote mawili yaliishia wapi, tuna nafasi ya kuyapima bila kubahatisha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi na kuiteka ardhi iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, na kweli tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nayo. Vita hivyo vinakadiriwa kuigharimu nchi kiasi cha dola milioni 500 za Marekani, fedha ambazo nchi maskini haikuwa nazo na ambazo hakuna aliyejitokeza kuzirudisha kwa ukamilifu. Ndipo Mwalimu alipowataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, ili uchumi upate kurejea katika hali yake.

Watu walikubali. Hilo linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu siku hizi yapo masimulizi yanayoifanya miaka ile ionekane kana kwamba wananchi walilazimishwa tu. Walikuwa wametoka kushinda vita, walimwamini kiongozi wao, na ombi lenyewe lilikuwa na mwisho unaoonekana, kwani mwaka mmoja na nusu ni muda ambao mtu mzima anaweza kuupangia. Lakini miezi 18 ilipokwisha, hali ilikuwa mbaya kuliko siku ilipoanza kuhesabiwa, na ikaendelea kuwa mbaya kwa miaka mingine mitano. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, dawa ya meno, betri, vitambaa, hata chumvi katika baadhi ya sehemu, viligeuka kuwa habari: mtu aliyeviona dukani alikimbia kuwaambia jirani na ndugu. Watu waliweka mawe na makopo katika foleni ili yawashikie nafasi tangu alfajiri. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Unga wa mahindi ya njano uliotoka nje kama msaada ulibatizwa jina la Yanga, kwa rangi yake, na mashabiki wa Simba waliula hivyohivyo. Magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana matumizi ya mafuta.

Kwa nini miezi 18 haikutosha? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba Serikali iliwadanganya watu, na mimi silikubali. Nyerere alisema alichokiamini. Tatizo lilikuwa katika utambuzi wa ugonjwa: vita vilihesabiwa kuwa ndiyo ugonjwa, ilhali vilikuwa dharuba iliyompiga mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kujijengea upya shirika la ndege, reli na posta kwa gharama yake. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepaa sana baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imeshuka. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda tena mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Hayo yalitoka nje, na hakuna kiongozi wa Dodoma au Dar es Salaam ambaye angeyazuia. Lakini yalikuwapo pia yaliyotengenezwa nyumbani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za Serikali zilizochelewa kulipa na kulipa kidogo, hivyo mkulima akapunguza shamba la kuuza au akavusha mazao yake mpakani kwa magendo. Mwaka huohuo operesheni ya maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari kushika nafasi yake. Viwanda vilivyojengwa kwa fahari kubwa vilikaa bila vipuri, kwa kuwa vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitoka kwa mkulima yuleyule aliyekwisha kukatishwa tamaa.

Mzunguko wa namna hiyo hauponi kwa kufunga mkanda. Anayefunga mkanda hupunguza matumizi, na kilichohitajika ni uzalishaji uongezeke. Kwa hiyo watu walitoa sadaka ya kweli kwa ajili ya dawa isiyolingana na ugonjwa. Hapa ndipo naona udhaifu wa tumaini lililotangazwa kutoka juu, nao haukutokana na uongo. Tumaini lile lilimpa mwananchi kazi moja tu, ya kungoja, na likamnyima nafasi ya kuuliza kama wanaoongoza wameuona ugonjwa wenyewe. Aliyeuliza ndani ya Serikali hakusikilizwa: Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Rais kuhusu masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sisemi kwamba masharti yale yalikuwa mazuri. Nasema kwamba mjadala ule ulifungwa mapema mno, na walioulipia ni watu wa kwenye foleni.

Miezi 18 ilipopita bila mabadiliko, tumaini la kungoja liligeuka kuwa tumaini la kumkamata mwizi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa zilikutwa zimefichwa majumbani, nyingine zikatupwa barabarani na kwenye mito na wenyewe waliohofia kukamatwa, na wananchi wengi walishangilia. Sokoine alikuwa mtu mwadilifu, na kifo chake katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984 kiliacha majonzi ambayo hayajafutika mpaka leo. Heshima hiyo haituzuii kutazama matokeo. Msako uliwaadhibu walionufaika na uhaba lakini haukuongeza hata mche mmoja wa sabuni, na kwa kuwa wafanyabiashara waliogopa kuonekana na mali, rafu za maduka zilizidi kuwa tupu. Hasira ya wananchi ilikuwa halali. Tatizo ni kwamba hasira hutuliza moyo kwa wiki chache tu, kisha sufuria hubaki pale pale.

Wakati hayo yakiendelea juu, chini yalikuwa yakitokea mambo ambayo hayakutangazwa na mtu yeyote. Mshahara wa mfanyakazi wa mjini ulikuwa umepoteza thamani kiasi kwamba haukufika katikati ya mwezi, na familia zikaanzisha kile kilichoitwa miradi. Wanawake waliokuwa hawajawahi kuhesabiwa katika takwimu za ajira walikaanga maandazi na vitumbua, walishona nguo, walitengeneza barafu, walipika pombe za kienyeji. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo. Maofisa wa Serikali walilima mashamba nje ya mji mwishoni mwa juma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi, akiwamo mtumishi wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na kipato cha pembeni, hivyo mradi wa mke wa mkurugenzi ulikuwa na sura ya kosa la kiitikadi. Watu waliukiuka mwiko huo kimyakimya, kila mtu akijua kwamba mwenzake anafanya hivyohivyo. Mabasi madogo ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha, kwa sababu shirika la usafiri la UDA lilishindwa kuwamudu, hadi Serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983. Nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ndiyo iliyoyapa mabasi hayo jina la daladala.

Katika hayo yote, lililonivutia zaidi ni upatu, na naomba msomaji anivumilie nikae hapo kidogo. Upatu ni rahisi kuueleza. Watu kumi wanaofahamiana wanakubaliana kutoa kiasi kilekile kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua fungu lote kwa zamu iliyopangwa. Hakuna riba wala faida, na kwa hesabu ya darasani anayepokea mwisho amewakopesha wenzake bure. Katika miaka ambayo mfumuko wa bei ulikuwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, wa mwisho alipata hasara ya wazi. Mchumi aliyeukagua mpango huo kwa kalamu angeweza kushangaa kwa nini unadumu. Ulidumu kwa sababu ulimpa mtu tarehe. Mama aliyepangiwa mwezi wa saba alijua kwamba mwezi wa saba angenunua sare za watoto au gunia la ngano kwa ajili ya maandazi yake, na aliwajua kwa majina na kwa milango yao wote waliopaswa kumtimizia. Mwenzao alipofiwa au kuuguliwa, zamu ilipishwa ili apokee yeye kwanza, na hakuna aliyehitaji kibali cha mtu ili kulifanya hilo.

Linganisha tarehe hiyo na ile ya miezi 18. Zote mbili zilimtaka mtu ajinyime leo kwa ajili ya kesho, na zote zilisimama juu ya imani. Tofauti yake ni kwamba katika upatu aliyeahidi ndiye aliyetakiwa kutimiza, alikuwa jirani, na akishindwa alionekana mara moja na kuulizwa. Katika ahadi ya taifa aliyejinyima alikuwa mmoja, aliyeweka tarehe alikuwa mwingine, na tarehe ilipopita hapakuwa na kikao cha kuulizana. Husemwa kwamba tumaini linaloweka muda ni hatari kwa sababu muda ukipita moyo huvunjika. Kwa maoni yangu, muda hauna kosa. Ahadi huvunja moyo pale aliyeitoa anapokuwa mahali ambapo hawezi kufikiwa na swali.

Mfano mwingine wa miaka hiyo ni shule. Sera ya elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 ilikuwa imejaza madarasa, lakini sekondari za Serikali zilichukua sehemu ndogo sana ya waliomaliza darasa la saba. Katika miaka ileile ya kufulia majani ya mpapai, wazazi wa Kilimanjaro na mikoa mingine, kupitia Jumuiya ya Wazazi, makanisa na vyama vyao vya maendeleo, walichanga fedha na kujitolea nguvu zao katika kazi za msaragambo kujenga sekondari zisizokuwa za Serikali. Fikiria hesabu iliyohitajika: mtu asiye na hakika ya kupata sukari wiki ijayo anabeba tofali la jengo ambalo mtoto wake ataingia baada ya miaka mitatu na kutoka baada ya miaka saba. Hakuna hotuba inayoweza kumfanya mtu abebe tofali kwa moyo namna hiyo kama haamini kwamba mtoto wake atalikuta darasa limesimama, na aliamini kwa sababu aliwaona majirani nao wakibeba.

Wala maisha hayakuwa ya kulia tu. Bendi ya Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na ushindani wake na bendi ya JUWATA ulijaza kumbi za dansi katika miaka ambayo wanaodansi hawakuwa na uhakika wa kupata sabuni ya kufulia mashati yao. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni kujisahaulisha. Mimi naliona kuwa sehemu ya utunzaji wa akili, jambo ambalo wapangaji wa uchumi huliweka mwisho kabisa au hawaliweki.

Hata hivyo, kuna hatari ya kuyapamba masimulizi haya mpaka dhiki ionekane kuwa shule nzuri. Miradi iliongeza saa za kazi za wanawake bila kupunguza zile za nyumbani. Mwalimu aliyeuza barafu kwa wanafunzi wake alifundisha kidogo, na mtumishi aliyezoea kuchukua "chochote" ili faili lisogee aliwaachia warithi wake tabia ambayo nchi imeshindwa kuing'oa. Waliokuwa na shamba, ndugu wa mpakani au mtaji wa kuanzia walivuka vizuri kuliko waliokuwa na mshahara peke yake. Aliyetegemea akiba yake ya benki aliona dola ikitoka takribani shilingi 8 mwaka 1980 hadi 17 mwaka 1984 na 40 mwaka 1986, na bei za vitu zikiifuata. Tunapokusanya hadithi za ustahimilivu, tunazikusanya kwa waliobaki wamesimama, na aliyeangukia njiani hasimulii. Kwa sababu hiyo mimi huona ubaridi kidogo ninapowasikia viongozi wakiusifu uvumilivu wa wananchi, maana sifa hiyo inaweza kugeuka kuwa ruhusa ya kuwaongezea mzigo.

Mabadiliko yalipoanza, yalianza kwa Serikali kuacha kupigana na kile ambacho watu walikuwa wanafanya tayari. Vyama vya ushirika vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika bajeti ya mwaka 1984, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu mwenye fedha za kigeni zake mwenyewe kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na ndani ya miezi michache maduka yalianza kuwa na vitu, ingawa kwa bei ambayo wengi waliitazama tu. Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeapishwa Novemba 1985 aliendeleza njia hiyo na kupewa jina la Mzee Ruksa, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafikiwa mwaka 1986. Mwaka 1991, mjini Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha na kuyahalalisha yale ambayo miradi ilikuwa imeyafanya kwa miaka kumi. Ruksa hiyo nayo ilileta maumivu yake, hasa pale ada na michango ya matibabu iliporudi, lakini hayo ni mada ya siku nyingine.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ugumu wa maisha umerudi kwa sura mpya, na biashara ya kuuza tumaini imerudi nao. Bei za mafuta na mbolea zilipanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine, na vijana wanaomaliza vyuo ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Pembeni yao wako wakopeshaji wa mikopo ambayo wananchi wameipa jina linalostahili, kausha damu, wanaotoa fedha ndani ya dakika chache na kuidai kwa riba inayommaliza mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kutangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mikopo hiyo nayo inauza tarehe. Inamwambia mama ntilie kwamba shida yake itakwisha leo jioni, lakini aliyetoa ahadi hana uso, hana mlango, na siku ya kudai huwatumia ndugu na marafiki waliomo kwenye simu ya mkopaji ujumbe wa kumwaibisha.

Mrithi halali wa upatu ni vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwamo VICOBA, ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua. Kisanduku chao cha fedha chenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, kimebeba fikra ileile kwamba imani huimarishwa na utaratibu unaoonekana na kila mwanakikundi. Vikundi hivyo vina faida ambayo upatu haukuwa nayo, kwa kuwa hisa huzaa na mwisho wa mzunguko watu hugawana. Vina pia mfuko wa jamii, unaochangiwa kidogo kidogo kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Mfuko huo unaweza kumudu msiba mmoja au safari ya kwenda hospitali ya wilaya. Hauwezi kumudu upasuaji, saratani au figo, na mwanakikundi mmoja anapopatwa na ugonjwa wa namna hiyo huuza cherehani, kisha huacha kununua hisa, na mwisho hutoka kikundini akiwa na aibu ambayo hakuitafuta. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Namna itakavyotekelezwa katika zahanati za vijijini, ni nani atakayelipiwa na Serikali na nani ataambiwa asubiri, ndiyo itakayoamua kama fedha ya kisanduku itaendelea kununua vifaranga na cherehani au itaishia kwenye vitanda vya wodini.